Mbuzi Walioletwa kwa Jina Lingine

Mjomba wa Muthama alipotaja jina la dada yangu, mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai.

"Tumetoka Mutomo alfajiri," alisema Mzee Mulwa, "tukaja na mbuzi watatu wa ntheo, wa kufungulia posa, kwa sababu katika boma hii kuna msichana anaitwa Ndinda. Huyo ndiye kijana wetu ameona."

Sinia halikuanguka. Katika hadithi huwa linaanguka, vikombe vinapasuka, na kila mtu anaelewa kuna moyo umepasuka pia. Langu lilibaki mikononi. Nilimwekea mzee kikombe chake, nikamuuliza anatumia vijiko vingapi vya sukari, akasema vinne. Nikamtilia vinne, kimoja baada ya kingine.

Kisha nikainua macho kumtafuta Muthama. Alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa shati la bluu ambalo mimi mwenyewe nilimwambia kwenye simu alivae. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alimtazama mjomba wake, akanitazama mimi, akamtazama tena mjomba, kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Lakini kijana anayeposewa hana sauti mbele ya wazee siku hiyo, na Muthama alilelewa vizuri, maskini. Alifunga mdomo.

Ndinda naye alikuwa dirishani, mikono mapajani. Hakuwatazama wageni hata kidogo. Alinitazama mimi, akiwa na swali machoni, nami nikajifanya naangalia chai.

Ngoja niwaeleze, msije mkamwona Mzee Mulwa mjinga. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimelifanya kwa miaka saba bila kupumzika.

Mimi ni mpandikizaji wa miembe. Nachukua mche wa embe la kienyeji, naukata, naupachika kijiti cha embe la kisasa, la apple au la Tommy, nafunga kwa utepe wa plastiki, na baada ya wiki tatu kijiti kinachipua. Wengine wakipandikiza miche mia, sabini hushika. Yangu hushika tisini na kitu. Kutoka kwetu Kathonzweni hadi mji wa Wote, mashamba mengi ya miembe yamepitia mikononi mwangu. Haya nayasema leo. Wakati ule ningekufa kwanza.

Nyumbani kwetu mtu hakujitaja kwa wema. Siku niliyokuwa wa kwanza darasani, mama yangu, Kalekye, alisoma ile ripoti mara mbili, kisha akaniuliza kama watoto wengine walikuwa wagonjwa. Hakuwa na chuki. Aliamini kwamba jambo zuri likitajwa sana hupata jicho baya, kwa hiyo alituficha kwa kutudharau kidogo, kila siku, kwa upendo. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri hata katika hilo.

Halafu Ndinda akarudi kutoka kwa mumewe, mjini Emali. Alirudi na sanduku moja, akakaa miezi mitatu bila kusema na mtu. Siku moja mteja alikuja kitaluni akasifu miche, akauliza ni kazi ya nani. Ndinda alikuwa amesimama pale na uso wake wa msiba. "Ni kazi ya dada yangu," nilisema. Ndinda akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu arudi, nami nikaona nimepata dawa. Nikaanza kumpa kila siku. Aliyesifu shamba, nilimwelekeza kwa Ndinda. Baada ya mwaka mmoja hata baba mdogo, Muli, ambaye ndiye msemaji wetu tangu baba Musyimi afariki, aliamini mpandikizaji ni Ndinda na mimi ni wa kubeba maji.

Mtu mmoja tu hakuamini. Muthama anafanya kazi ya mashambani katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Kiboko, na alikuja kuona miembe ya jirani yetu. Nilimpa jibu langu la kawaida. Alimtazama Ndinda, akanitazama mimi, akachukua namba yangu ya simu. Alipopiga mara ya kwanza hakusalimia hata.

"Dada yako ana kucha za saluni," alisema. "Wewe una utomvu mpaka kwenye kiwiko. Unanificha nini?"

Hapo ndipo nilipopotea. Miezi minane nilizungumza na mtu aliyeniona nikiwa nimejificha, na kila alipokata simu nilibaki nimeishika sikioni.

Alipoamua kuleta watu wake, alimwambia mjomba anataka binti wa marehemu Musyimi, yule wa miembe. Mzee akamkataza kuendelea. Alisema kijana akipenda husifu hata kilema, kwa hiyo yeye mwenyewe angeenda Wote siku ya soko kuuliza watu wanaotujua. Alienda. Aliuliza watu kumi na wanne, binti wa miembe kwa Musyimi ni nani, na wote kumi na wanne walimwambia ni Ndinda.

Nilirudi jikoni na sinia tupu. Mama alinifuata, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Mwaitu, mama, Muthama ni wangu," nilimwambia. "Unajua hivyo."

"Najua."

"Basi waambie."

Alichukua mwiko akaanza kukoroga sufuria ya mahindi ya muthokoi ambayo haikuhitaji kukorogwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa. "Jina limeshatoka, Kalunde. Mzee ametaja mbele ya watu. Dada yako ana miaka thelathini na sita, ameshaachwa mara moja. Nani mwingine atakuja na mbuzi kwa ajili yake? Wewe uko na ishirini na tisa. Wewe utapata."

"Na Muthama je? Yeye si mtu?"

"Wanaume huzoea," mama alisema.

Nilimtazama kama nimeonyeshwa mama wa mtu mwingine. Huyu alijua kila simu. Alikuwa akinitania kwamba nitamaliza chaji ya kijiji kizima. Na sasa alikuwa tayari kunitoa sadaka, na kibaya zaidi ni kwamba sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inaitikia kwa kichwa, ikisema ni kweli, Ndinda anahitaji zaidi, mimi ni nani.

Sauti zilipanda sebuleni. Muthama alikuwa amefungua mdomo. Baba mdogo Muli akaniita kwa jina, na nikaingia nikiwa bado na aproni.

"Huyu kijana anasema nimekosea," alisema Mzee Mulwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshangaa kama fundi aliyeambiwa nyumba aliyoijenga iko kwenye kiwanja cha mtu mwingine. "Mimi niliuliza vizuri. Sasa wewe, mwanangu, nisaidie. Katika boma hii, nani anapandikiza miembe?"

Hakuna swali jepesi kuliko hilo. Mama alikuwa nyuma yangu na nilisikia pumzi yake. Ndinda alikuwa ameinua kidevu, ananisubiri. Muthama alitabasamu kidogo, kwa sababu kwake jambo lilikuwa limekwisha, ningesema neno moja na siku ingerudi mahali pake. Nilifungua mdomo ili niseme ni mimi. Naapa nilifungua kwa ajili hiyo.

"Ni Ndinda," nilisema.

Nilishtuka kuliko mtu yeyote chumbani. Sauti ilikuwa yangu, ilitoka laini, na adabu zake zote, kama ilivyotoka miaka saba. Haikuniuliza. Tabasamu la Muthama lilibaki pale kwa muda, halina kazi, kisha likaondoka. Alisimama, akatoka nje bila kuomba ruhusa kwa mzee yeyote. Mimi nikamfuata. Nilimsikia baba mdogo akiniita, sikugeuka.

Nilimkuta kitaluni, chini ya neti ya kivuli, katikati ya miche. Alikuwa amenipa mgongo.

"Umenikana mbele ya watu," alisema.

"Sijakukana. Sikusema chochote juu yako."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuwa nimewahi kumwona hivyo. "Mimi nimekuja kuoa nani, Kalunde? Nimekuja kuoa mtu anayepandikiza miembe. Wewe umesimama pale, ukaniangalia machoni, ukasema huyo mtu hayuko."

Nilimwambia arudi yeye awaeleze, wangemwamini mwanamume haraka kuliko mimi. Nilimwambia Ndinda ameteseka. Nilimwambia mtu hawezi kusimama mbele ya wageni akajisifu, kwetu hiyo ni aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nalo ndilo linalonimaliza kwake, husikiliza hadi mwisho.

"Nikisema mimi leo, nitasema na kesho," alisema. "Nitasema mpaka tuzeeke. Kila asubuhi nitakuwa nakuambia wewe ni nani, na siku nikichoka kidogo utarudi kuwa mtu bure. Siwezi. Nakupenda lakini hiyo kazi siwezi."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Wewe umejiacha kwanza." Alinikaribia hadi nikaona jasho kwenye kola ya lile shati la bluu. "Haya. Hapa hakuna wazee. Niambie kitu kimoja kizuri ambacho unajua uko nacho. Kimoja tu."

Nilitafuta. Msicheke. Nilitafuta kweli, kama unavyopekua begi ukijua funguo zimo, na sikushika kitu. Niliogopa. Nilikuwa nimezungukwa na miche elfu mbili ambayo nimeifunga kwa vidole hivi, na sikuweza kupata neno moja. Nilikuwa nimegawa kila kitu, na sikuwa nimejiwekea hata cha kuonja. Nikaanza kulia. Muthama alinyoosha mkono, nikajua anataka kunishika, kisha akaurudisha akauweka mfukoni. Aliumia kuurudisha, nilimwona.

"Nina mkono mzuri," nilisema mwishowe.

"Sijasikia."

"Umesikia, Muthama."

"Mimi nimesikia," alisema. "Nataka wasikie wao."

Njia ya kutoka kitaluni hadi sebuleni ni hatua thelathini hivi. Nilitembea kama ninapanda mlima. Nilipoingia, wazee walikuwa wanazungumza habari za mvua, wakijifanya hakuna kilichotokea, na mama alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango. Sikungoja kuulizwa, kwa sababu nilijua nikingoja ile sauti nyingine ingenitangulia tena.

"Mzee, nimekudanganya," nilisema. "Anayepandikiza ni mimi. Miembe yote uliyoiona ukiingia ni mimi. Ile ya kanisani ni mimi. Nimefanya hii kazi miaka kumi na mkono wangu ni mzuri, ni mzuri sana. Na Muthama amekuja kwangu."

"Kalunde," alisema baba mdogo. "Adabu."

Mama alijifunika uso kwa leso. Na hapo tu, nikiwa nimeshasema, ndipo nilipokumbuka nimefanya nini: nilikuwa nimemvua dada yangu nguo mbele ya wageni. Nilimgeukia nikitegemea machozi, au atoke chumbani na arudi kwenye kile kimya cha miezi mitatu.

Ndinda alivuta pumzi ndefu, akaegemeza kichwa ukutani, akafunga macho.

"Asante Mungu," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Mimi ndiye niliyeelewa wa mwisho.

"Miaka saba," Ndinda alisema, akifungua macho. "Watu wananisimamisha nje ya kanisa wananiuliza utepe unafungwa aje, kijiti kinakatwa mwezi gani. Mimi natoroka. Nasema nimeacha sufuria kwa moto. Kila Jumapili nimeacha sufuria kwa moto."

"Nilidhani unapenda," nilimwambia.

"Mara ya kwanza nilipenda. Mara ya pili niliona haya. Baada ya hapo nikajua unanihurumia, na hakuna kitu kibaya kama kuhurumiwa na mtoto niliyembeba mgongoni." Hakuwa anapiga kelele, ingekuwa afadhali apige. "Lakini nikuulize. Hii miche inatoka hapa inaenda wapi? Nani anajua kila mwenye shamba mpaka Makindu, na jina la bibi yake, na kama kisima chake kimekauka? Nani anapiga simu, anatafuta lori, anabembeleza mtu mpaka anapanda ekari nzima? Ulikuwa unafunga miche na inaozea hapa kabla nirudi. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Kabla ya Ndinda nilikuwa nagawa miche bure, inayobaki inaoza, kwa sababu nilishindwa kumwambia mtu ainunue.

"Hakuna mtu amewahi kuniambia asante kwa hiyo," alisema. "Wote wako na haraka ya kunisifu kwa kazi yako. Umechukua yako ukanipa, na yangu ikafunikwa hapo chini, hata mimi mwenyewe sikuiona. Nimeanza kuiona juzi tu."

Jina kutajwa vibaya kulikuwa kumenishtua. Haya yaliniondoa nguvu. Miaka saba nilijiona mkarimu, na yule niliyemkirimu alikuwa anazama chini ya zawadi zangu.

Ndinda akamgeukia mama, akazungumza kwa upole. "Na mimi sitaki bwana wa kuja kwa makosa, mwaitu. Wa kwanza alikuja kwa makosa. Niache nipumzike."

Mama alishusha leso akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu, kana kwamba ni sisi wageni wa siku hiyo.

Mzee Mulwa alimaliza chai yake ya vijiko vinne bila haraka. Muthama alikuwa amesimama mlangoni, na nadhani alifikiri mambo yameisha, nami pia, kwa sababu alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa mbele ya mama. Mzee akaweka kikombe chini.

"Mbuzi wako nje wametajwa kwa jina la Ndinda," alisema. "Siwezi kugeuza ulimi nikiwa nimekalia kiti kile kile. Wanarudi nyumbani."

Muthama alitaka kusema, mzee akainua kiganja. Baba mdogo alijaribu naye: safari ni ndefu, chakula kimeiva, si mbuzi ni wale wale tu. Mzee alisema atakula chakula, lakini mbuzi wanarudi Mutomo. Kama watatoka tena, wazee wa huko ndio watakaoamua. Yeye hangeahidi, maana walimtuma kuleta habari za msichana mmoja na sasa anarudi na habari za mwingine ambaye hakuna aliyemsikia.

Wakala. Mimi sikumeza kitu. Baadaye wale mbuzi watatu walipandishwa tena kwenye pikapu, wakilia, na majirani wakaja kusimama kwenye ua, maana kila mtu aliwaona wakiingia asubuhi. Mbuzi wa posa kuondoka na wenyewe, kwetu hilo ni jambo la kuongelewa mwaka mzima. Bi Nzilani wa ng'ambo ya barabara hakujificha hata, alileta kiti.

Nilisimama kando ya pikapu. Muthama alikuwa nyuma na mbuzi, ameshika kamba, ametazama upande wa pili. Nilijua anafanya makusudi. Hakutaka nisome kitu usoni mwake.

Mzee Mulwa alifungua mlango wa mbele, akaweka mguu mmoja ndani, kisha akautoa.

"Soko la Wote siendi tena kuuliza," aliniambia. "Watu kumi na wanne, na hakuna mmoja aliyejua. Nakuuliza wewe. Nikifika Mutomo, wazee watasema, huyo Kalunde ni nani? Niwajibu nini?"

Ile sauti ya zamani ilikuja. Ilikuja na jibu lake tayari, kwamba mimi si mtu, ni mdogo wake Ndinda tu, na ilifika hadi kwenye meno. Nikaiacha hapo ikasimama. Niliona mama ametoka mlangoni, na Ndinda kando yake, na majirani wote kwenye ua. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Katika pikapu ile kulikuwa na maisha yangu yote, yamefungwa pamoja na mbuzi.

"Waambie ni mpandikizaji wa miembe," nilisema, kwa sauti ya kumfikia hata Bi Nzilani. "Waambie mkono wake haukosei. Ana subira, mche ukikataa anaurudia. Anacheka haraka. Kufua nguo hapendi, wasije wakasema walifichwa. Na anampenda Muthama bila kuyumba, hilo nalo ni jambo zuri alilo nalo."

Nyuma ya pikapu kamba ilianguka na mbuzi mmoja akapiga teke. Mzee Mulwa hakucheka. Aliyarudia maneno yangu polepole midomoni, kama mtu anayeyapanga kwa safari ndefu.

"Na wakiuliza ni nani ameniambia hayo yote?"

"Waambie ni yeye mwenyewe."